Mteja akikuonyesha bei ya jirani: namna ya kusimama na bei yako

Jumamosi moja mama mmoja aliingia karakanani kwangu, akakipapasa kichwa cha kitanda cha mninga nilichokuwa nimekimaliza juzi yake, akauliza bei. Nikamwambia 950,000. Hakujibu. Alitoa simu kwenye mkoba, akapekua picha mbili tatu, kisha akanigeuzia kioo. "Fundi, hiki hapa mwenzako anauza 600,000. Tano kwa sita, mninga, kama chako. Cha kwako kina nini?"

Kama unatengeneza kitu kwa mikono yako na kukiuza, swali hili umeshaulizwa, na utaulizwa tena wiki hii. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa ama nanuna, ama nashusha bei. Kushusha ndiko kulikoniumiza zaidi. Nakumbuka kitanda nilichokiachia kwa 700,000 kwa sababu mteja alikuwa ameshaanza kutoka mlangoni. Nilipomaliza kulipa mbao, mashine, vanishi, kijana aliyenisaidia na Kirikuu iliyopeleka mzigo, kodi ya karakana ya mwezi ule niliilipa kwa advansi ya mteja mwingine. Na advansi ya mteja ni mbao zake. Ukishaila, kazi inayofuata unaifanya kulipia ile iliyopita, na hapo kutoka ni shida.

Nitaeleza kwa mfano wa useremala kwa kuwa ndiyo kazi ninayoijua. Fundi cherehani, mchomeleaji wa mageti au mwoka keki abadilishe majina ya vifaa tu, hesabu ni ileile.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla mteja hajafika

Huwezi kuitetea bei usiyojua imetoka wapi. Wengi wetu tunapanga bei kwa kuangalia jirani anauzaje, halafu tunashangaa jirani mwingine akiuza chini yake. Chukua daftari, andika kila kinachoingia kwenye kitu kimoja tu. Hesabu yangu ya kitanda kile ilikuwa hivi. Wewe weka namba za soko lako:

Mbao za mninga zilizokauka: 380,000
Gundi, skrubu, bolti za kitanda na msasa: 45,000
Sila, vanishi na thina: 50,000
Kupitisha mbao mashineni: 35,000
Ufundi, siku 5 kwa 30,000: 150,000
Sehemu ya kodi, umeme na mlinzi: 40,000
Usafiri hadi kwa mteja: 40,000
Akiba ya marekebisho ndani ya dhamana: 20,000

Jumla 760,000. Nikiuza 950,000, faida ni 190,000.

Angalia mstari wa ufundi. Huo ni mshahara, hata kama randa umeishika wewe mwenyewe kuanzia asubuhi hadi jioni. Fundi asiyejilipa ufundi huona kila bei inalipa, mpaka siku anaugua na inambidi aajiri mtu wa kumalizia oda. Hapo ndipo anagundua kazi yake haikuwa na nafasi ya mshahara wa mtu yeyote.

Sasa fanya jaribio moja. Mteja anasema, "Nipunguzie kidogo tu, asilimia kumi." Asilimia 10 ya 950,000 ni 95,000, na gharama zako hazijapungua hata shilingi. Faida imetoka 190,000 ikabaki 95,000. Kwa hiyo umempa mteja nusu ya faida yako, na ili upate kile ulichotegemea itabidi utengeneze vitanda viwili badala ya kimoja. Mimi hesabu hii niliibandika ukutani juu ya benchi. Inanisaidia kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa.

Hatua ya 2: Andika mwisho wako, na uamue utatoa nini badala ya punguzo

Tumezaliwa kwenye masoko ya kupatana, na mteja asiyepata chochote hutoka na kinyongo hata kama bei ilikuwa ya haki. Wapo mafundi wanaopandisha bei ili wapate pa kushukia. Mimi siipendi njia hiyo. Mteja anayejua kupatana unamfundisha kwamba bei yako ya kwanza haina ukweli, na asiyejua, mara nyingi mtu mzima aliyekuamini, ndiye anayelipa nyingi.

Ninachofanya ni nyongeza, kama muuza nyanya anavyokuongezea mbili juu ya fungu. Bei inabaki palepale, mteja anaondoka na kitu. Mabaki ya mninga yanatoka stuli ndogo au kibao cha jikoni. Mimi hutengeneza kadhaa siku ambazo hakuna oda, ninavipanga pale mteja anapoweza kuviona. Nyongeza lazima uijue inakugharimu kiasi gani. Ya bila hesabu ni punguzo lililobadilishwa jina.

Kisha andika bei ya mwisho ambayo huwezi kuvuka, kwenye karatasi, kabla ya mazungumzo. Ukiitafuta wakati mteja amekusimamia, utaipata chini zaidi.

Hatua ya 3: Omba uione hiyo picha

Turudi kwa yule mama. Zamani ningemwambia, "Hao ni matapeli, watakuuzia takataka." Usiseme hivyo. Humjui aliyekitengeneza, na mteja alishakipenda kile kitanda; ukikitukana umemtukana na yeye. Nilisema tu, "Naomba nikione vizuri, mama." Tukakaa kwenye benchi, tukakikuza kwa vidole pamoja.

Halafu uliza, na uulize kwa nia ya kujua:

"Alikwambia mbao zimekauka muda gani?"
"Mbao za ubavuni zina unene gani?"
"Chaga ni za mbao gani, na zimo ndani ya bei?"
"Kukuletea nyumbani ni juu ya nani?"
"Kikilegea baada ya miezi sita, unampigia nani?"

Yule mama hakuwa na jibu hata moja, na hakuwa na kosa. Alikuwa amelinganisha picha na picha. Mara nyingi ukifika swali la tatu mteja anaona mwenyewe kwamba hivi ni vitu viwili tofauti, na hujamsema mtu vibaya.

Kuna wakati majibu yote yanakuja mazuri: mbao kavu, usafiri upo, dhamana ipo. Basi yule mwenzako ana njia ya kupata gharama ndogo kuliko wewe. Pengine ananunua mbao za lori zima, au ana mashine yake, au halipi kodi ya pango. Mwambie mteja ukweli kwamba hiyo ni bei nzuri. Usiku huohuo kaa na daftari lako utafute wewe unapoteza wapi.

Hatua ya 4: Weka ushahidi mezani

Hapa ndipo bei inaposimama au kuanguka, kwa hiyo nitakawia kidogo.

Wanasema kizuri chajiuza. Kwa mninga si kweli, kwa sababu siku ya kwanza mninga mbichi na mninga mkavu ukipigwa vanishi hufanana kama mapacha. Tofauti inakuja baadaye, nyumbani kwa watu, wewe haupo. Lazima uilete mezani mapema.

Kwenye benchi langu nina vipande vinne. Viwili ni vya mninga, vimekatwa sawasawa kwa urefu, upana na unene. Kimoja kimekaa darini zaidi ya mwaka. Kanuni ya zamani ya kukausha ubao mgumu kwa hewa ni kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kingine ni kibichi, nimekifunga kwenye nailoni kisipoteze maji. Nampa mteja kimoja kila mkono. Sihitaji kusema neno. Mkono wenye kipande kibichi unashuka, na macho yake yanakuja usoni kwangu. Ndipo ninamweleza: uzito ule wa ziada ni maji, na maji yatatoka tu, chumbani kwake. Ubao ukisinyaa, viungo vinaachia, kitanda kinaanza kulia kila mtu anapogeuka.

Kipande cha tatu kina rangi mbili. Moyo wa mninga ni wa kahawia inayokaribia wekundu, lakini ule ukanda wa nje chini ya gome ni mweupe unaoelekea unjano. Ukanda huo ndio chakula cha bungua, wadudu wanaotoboa mbao. Kipande changu kimeliwa; ukikigonga mezani kinamwaga unga mwembamba kama wa sembe, na vijitundu vinaonekana vimekaa upande mweupe tu, upande wa moyo hauna hata kimoja. Fundi anayetaka kuuza rahisi huutumia ukanda huo pamoja na moyo, kisha anapaka rangi ya mninga juu yake. Wengine hupaka rangi hiyo hata ubao ambao si mninga kabisa. Mwambie mteja, popote atakaponunua, avute droo au ainame chini ya kitanda, aangalie sehemu ambayo brashi haikufika.

Cha nne ni kona ya kitanda niliyoipasua kwa msumeno katikati. Ndani unaona ulimi wa ubao mmoja umezama kwenye tundu la mwingine. Pembeni yake nimeweka kona ya aina ileile iliyopigwa misumari. Namwambia mteja aishike aitikise.

Kuna ushahidi mwingine ambao ni karatasi. Mbao za miti ya asili zinatakiwa zisafirishwe na kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), tunachokiita TP, yaani Transit Pass, na kugongwa nyundo ya maliasili. Mbao zilizofuata njia hiyo kutoka Tabora, Katavi au Ruvuma zimelipiwa ushuru, na ushuru huo umo kwenye bei yangu. Zilizopita porini usiku ni rahisi, mpaka siku zitakapokamatwa pamoja na advansi ya mteja. Nakala za TP na risiti za mbao mimi naziweka kwenye faili. Wachache huomba kuziona, lakini anayeomba huwa haondoki.

Hatua ya 5: Ukipunguza, punguza kazi

Mteja ameshaelewa yote, anasema, "Fundi nimekuelewa, ila mimi nina laki saba na nusu." Hili ni jambo tofauti kabisa na kukwambia bei yako si halali. Pesa yake ndiyo imefika hapo. Usishushe bei ya kitanda kilekile. Mtengenezee kitanda kingine.

Mimi huwa na njia tatu kichwani, kila moja na bei yake niliyoipiga hesabu kabla. Ya kwanza, mninga uleule lakini kichwa cha mbao nyoofu bila nakshi, na chaga za paini kutoka Mafinga badala ya mninga. Hapo siku za kazi zinapungua na mbao za bei zinapungua. Ya pili, kubadilisha mti: mtiki wa mashambani, kama ule wa Longuza au Mtibwa, ukikauka vizuri ni mti wa kuaminika, na mteja anayependa rangi yake ya dhahabu hatajuta. Ya tatu, kitanda kizima cha paini kilichotiwa dawa, chenye viungo vilevile vya ulimi na tundu.

Kisicholetwa mezani ni ukavu wa mbao na viungo. Hivyo sipunguzi kwa mteja yeyote. Kitanda kikilegea watu hawatasema alilipa kidogo, watasema fulani ndiye aliyekitengeneza.

Maneno yenyewe yawe mafupi. "Mama, kitanda hiki kwa 750,000 siwezi. Kwa 750,000 naweza kukutengenezea hiki." Kisha nyamaza. Kunyamaza ni kugumu kuliko kutengeneza tundu kwa patasi butu, lakini jizoeze. Mafundi wengi tunataja bei, mteja anakaa kimya sekunde tano akipiga hesabu zake, na sisi wenyewe tunavunja ukimya kwa kusema "basi lete laki nane". Hakuwa ameomba.

Kama tatizo lake ni kwamba pesa haipo yote leo, kuna njia ya kibubu: analeta kidogo kidogo, unamwandikia kila anacholeta kwenye kadi yenye sahihi zenu wote wawili, na kazi inaanza pesa ya mbao ikitimia. Bei haijaguswa. Pesa hiyo uiweke mbali na matumizi yako, nimeshasema kwa nini.

Kwenye WhatsApp

Siku hizi mteja hafiki kwanza, anatuma picha na neno moja: "Bei?" Ukijibu "950,000" peke yake, umeingia kwenye orodha yake ya namba, na namba ndogo itashinda. Jibu langu huwa hivi:

"Habari ya leo. Kitanda hiki 5 kwa 6 ni 950,000: mninga mkavu, viungo vya ulimi na tundu, chaga zimo, kukuletea na kukifunga Dar es Salaam nzima kumo, dhamana ya mwaka mmoja. Kazi siku 7 baada ya advansi. Nikutumie video ya mbao zitakazotumika?"

Video hiyo ni ya sekunde ishirini tu: mbao zako, mkono wako, sauti yako. Akinitumia picha ya mwingine yenye bei ya chini, namjibu kwa yale maswali ya hatua ya 3 na kumkaribisha aje ashike vile vipande.

Ndugu na marafiki

Hapa wengi tunalegea. Shemeji anataka kabati kwa "bei ya kindugu", na bei ya kindugu maana yake ni mbao tupu. Mimi niliamua jambo moja nikalitangaza nyumbani: ndugu wa tumbo moja nawasamehe faida, lakini gharama zote na ufundi wanalipa. Wengine wote bei ni moja. Mwaka wa kwanza kulikuwa na manung'uniko. Siku hizi wananiletea wateja, na hao wateja hawaji na bei ya kindugu waliyoisikia kwenye harusi.

Msipangiane bei, nunueni pamoja

Kila soko likiyumba utasikia wazo la mafundi wa mtaa kukaa na kukubaliana kwamba asiwepo wa kuuza chini ya kiasi fulani. Acheni. Washindani kupangiana bei kumekatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na hata bila sheria, wa kwanza kukosa kodi ya nyumba ndiye wa kwanza kuvunja makubaliano. Kinachoruhusiwa na chenye faida ni kuchanga mkanunua mbao kwa wingi. Sisi watano tulipoanza kununua pamoja mstari wa kwanza wa hesabu yangu ulishuka, na huo ndio punguzo pekee ninaloweza kumpa mteja bila kuumia.

Hatua ya 6: Mwache aende vizuri

Wapo watakaokwenda. Kijana mmoja alikuja anataka kitanda, amepanga chumba, anahama kila mwaka kufuata kazi. Nilimwambia kwa hali yake kitanda cha MDF cha dukani, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, kinamtosha, asitie laki tisa kwenye mzigo wa kubeba ngazini. Alikwenda na hajarudi, na sidhani kama nilimjibu vibaya.

Anayeondoka mwambie, "Karibu tena, hata ukitaka ushauri tu." Chukua namba kama anaridhia. Baada ya siku tatu nne mtumie ujumbe mmoja, wa kumuuliza amefikia wapi. Mmoja tu. Wa pili ni kuomba.

Halafu andika kwenye daftari: tarehe, alitaka nini, ulimpa bei gani, aliondoka kwa sababu gani. Mwisho wa mwezi hesabu. Wawili watatu kati ya kumi wakiondoka kwa ajili ya bei, uko pazuri. Asipoondoka hata mmoja, huenda bei yako iko chini na hujui. Wakiondoka wanane, kaa chini: ama gharama zako zimevimba, ama umeweka karakana ya mninga mahali ambapo watu wanatafuta paini.

Hatua ya 7: Akirudi

Yule mama wa Jumamosi alichukua kitanda cha kichwa kinyoofu kwa 780,000, akaacha advansi ya 500,000, akaomba kile kipande cha bungua akamwonyeshe mumewe. Nilimpa. Kutengeneza kingine si kazi, bungua wenyewe hawalali.

Wapo wengine ambao walikwenda kwenye bei ya chini na wakarudi baada ya mwaka, kitanda kimefungwa kamba juu ya bajaji. Wanaingia wameinamisha uso. Usimwambie "si nilikwambia". Mpe kiti, mpe maji, kishushe kitanda na mtazame pamoja kilichoachia. Kama ubao sasa umekauka, mara nyingi unaweza kufungua viungo, ukavichonga upya na kuvitia gundi. Mwambie ni siku ngapi na ni shilingi ngapi, ufundi wako ukiwemo.